Namna ya kuhakikiwa umri na utambulisho mtandaoni bila kuacha nakala zako kila mahali

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1996, namba yake inaanza na 19960307. Kwa hiyo mtu anayepiga picha kitambulisho huku ameziba mstari wa tarehe ya kuzaliwa kwa kidole gumba, namba akaiacha wazi, hajaficha kitu. Na anayeijaza namba hiyo kwenye ukurasa uliotaka kujua tu kama ametimiza miaka 18 ametoa zaidi ya alichoulizwa. Ametoa namba atakayokuwa nayo maisha yake yote, ambayo laini zake za simu na akaunti zake za benki zimeshikizwa hapo.

Dar es Salaam kitambulisho kinaombwa kila kona: kusajili laini, kufungua akaunti ya kubashiri, kukopa kwa simu, kuomba kazi, kupanga chumba kupitia dalali, kuchukua bodaboda ya mkataba. Fotokopi ya karatasi huishia kwenye droo moja. Picha iliyotumwa WhatsApp inaweza kuwa na nakala nne papo hapo: kwenye simu yako, kwenye simu ya mpokeaji, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja wenu. Yanayofuata ni namna ya kutoa kinachotakiwa, kwa anayestahili, na kusafisha njia uliyopita.

Kwanza jua unaulizwa nini

"Umetimiza miaka 18?" ni swali la ndiyo au hapana. "Wewe ni nani?" ni swali jingine kabisa, linalotaka jina, namba na sura. Watu wengi hujibu la pili walipoulizwa la kwanza.

Benki, mitandao ya simu na huduma za pesa kwa simu zinalazimika kisheria kukufahamu wewe ni nani; hapo huna la kukwepa. Kampuni ya kubashiri yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha hairuhusiwi kumpokea mtu wa chini ya miaka 18, na kwa kuwa inalipa pesa, itataka pia jina lilingane na jina la laini inayopokea malipo. Lakini ukurasa wa michezo ya video, mtandao wa kijamii au wa kutafuta wachumba unahitaji umri tu. Ukiombwa kadi nzima mbele na nyuma pamoja na video ya uso, simama kwanza uulize kuna njia gani nyingine.

Madirisha haya ya kuuliza umri yameongezeka kwa sababu ya sheria za nje. Uingereza ilianza kuzibana tovuti za ngono zihakiki umri kwa uhakika tarehe 25 Julai 2025, na Australia ikafungia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya miaka 16 kuanzia tarehe 10 Desemba 2025. Mtu aliyeko Sinza anayetumia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mahali pengine, yenye seva ya London anaonekana kama yuko London, na dirisha hilo humtokea na yeye. Kabla hujatafuta kitambulisho, angalia kama ni VPN iliyokupeleka huko. Izime, fungua ukurasa upya.

Ukipewa uchaguzi wa njia, zipange hivi, kuanzia inayoacha kidogo hadi inayoacha kingi. Ya kwanza ni uthibitisho uliopo tayari, kwa mfano akaunti ya zamani au kadi ya benki. Ya pili ni makadirio ya umri kwa sura, yaani kamera inakutazama na programu inakadiria miaka; hii ni nafuu ikiwa hesabu inafanyika ndani ya simu yako na picha haiendi kwenye seva, na waungwana huandika hilo wazi. Udhaifu wake ni kwamba hukosea kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mwenye miaka 19 au 20 mara nyingi hukataliwa ilhali wa 35 hupita. Ya tatu ni kuingiza namba ya NIDA na mfumo kuihakiki kwenye kanzidata ya NIDA moja kwa moja, bila picha ya kadi. Ya nne, ya mwisho, ni picha ya kitambulisho pamoja na video ya uso.

Ukilazimika kutumia ya nne na huduma ni ya nje ya nchi, pasipoti ina nafuu moja ambayo wengi hawaifikirii: ukipata pasipoti mpya, unapata namba mpya. Namba ya NIDA haina mpya.

Kinachobaki baada ya kuambiwa "umethibitishwa"

Ukipiga picha kadi na kugeuza uso kushoto na kulia, upande wa pili vinazaliwa vitu vinne. Kuna picha zenyewe. Kuna maandishi yaliyosomwa kutoka kwenye kadi na kuwekwa kwenye jedwali. Kuna kiolezo cha uso, yaani orodha ya namba inayowakilisha umbo la sura yako, inayotumiwa kulinganisha uso wa kadi na uso wa video. Na kuna kumbukumbu za mfumo: saa, aina ya simu, anwani ya intaneti, matokeo.

Kampuni ikiandika kwamba "hatuhifadhi picha yako", imezungumzia kitu cha kwanza tu. Uliza kuhusu vile vitatu vilivyobaki, hasa kiolezo cha uso. Neno la siri likivuja unalibadilisha jioni ileile. Uso huna namna.

Mara nyingi, tena, anayepokea picha si huyo uliyemfungulia akaunti. Kuna kampuni zinazofanya kazi hii kwa niaba ya wengine, kama Smile ID inayotumika sana Afrika, au Persona, Veriff na Yoti. Utazitambua kwa jina dogo chini ya dirisha au kwa anwani ya ukurasa kubadilika ghafla. Lisome jina hilo, lipigie skrinshoti. Siku ya kudai taarifa zako zifutwe utaandika barua mbili: moja kwa huduma, nyingine kwa mhakiki.

Matukio mawili ya mwaka 2025 yanaonyesha uvujaji unapoanzia. Mwezi Julai, programu ya Marekani iitwayo Tea, iliyokuwa ya wanawake kupeana tahadhari kuhusu wanaume, ilivujisha picha zipatazo 72,000. Kama 13,000 kati ya hizo zilikuwa selfi na vitambulisho vilivyotumwa kwa ajili ya uhakiki, na vilikuwa vimekaa kwenye hifadhi ya zamani ambayo haikusafishwa. Mwezi Oktoba, Discord, mtandao wa mazungumzo, ilitangaza kwamba picha za vitambulisho za watumiaji wapatao 70,000 huenda zimeonwa na wavamizi walioingilia kwa mtoa huduma wa nje wa dawati la wateja. Wengi wa waathirika hao walikuwa wamekataliwa na mfumo wa umri, wakakata rufaa kwa kutuma kitambulisho.

Hapo ndipo penye somo la vitendo. Mfumo wa kwanza unaweza kuwa umejengwa vizuri na kufuta kila kitu, lakini rufaa huenda kwenye tiketi za huduma kwa wateja, mahali ambapo faili hukaa miezi na husomwa na watu wengi. Kwa hiyo jitahidi upite mara ya kwanza, ili usifike huko.

Kupita mara ya kwanza

Sababu za kukataliwa ni chache na zinajirudia. Kadi ya plastiki inang'aa: usitumie flashi ya kamera, wala usiiweke chini ya taa ya dari. Iweke juu ya kitambaa cheusi kisichong'aa au daftari lenye jalada jeusi, karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Pembe zote nne zionekane, na kati ya kadi na ukingo wa picha paachwe nafasi kama ya upana wa kidole. Kioo cha kamera ya mbele kifute kwa kitambaa cha pamba. Mafuta ya uso na jasho la Dar huweka ukungu ambao jicho halioni lakini mfumo unauona. Kwa video ya uso, mwanga utoke mbele yako. Ukikaa umeipa dirisha mgongo, uso unakuwa kivuli na mfumo unadhani ni picha ya picha.

Sababu nyingine ni majina. Mohamed kwenye NIDA, Mohammed kwenye pasipoti. Jina la kati lipo huku, kule halipo. Jaza fomu kwa herufi zilezile zilizo kwenye hati utakayoonyesha, si jinsi unavyopenda kuandika. Ukikataliwa mara mbili, acha hadi kesho. Majaribio kumi mfululizo ni seti kumi za picha zako kwenye seva ya mtu.

Kuandaa nakala ya kumtumia binadamu

Hapa tunazungumzia dalali, mwenye nyumba, mwajiri, mtu wa gesti. Huyu anasoma kwa macho, kwa hiyo una uhuru wa kuficha na kuandika juu ya picha. Mfumo wa kompyuta haukubali hilo: ukiuwekea alama juu ya kadi utadhani imechezewa na kuikataa.

Piga picha kadi. Fungua sehemu ya kuhariri picha. Andika juu yake kwa mshazari: NAKALA YA KUPANGA CHUMBA TU, jina la unayempa, na tarehe. Maandishi yapite juu ya ukingo wa uso wako na juu ya mstari wa jina, kwa rangi nyepesi inayoruhusu kusomeka chini yake. Ukiyaandika pembeni penye nafasi tupu, mwizi anayakata kwa sekunde mbili. Yakipita usoni, nakala hiyo ni ngumu kuitumia kuombea mkopo mahali pengine.

Kisha ziba kisichomhusu. Kwa dalali, jina na sura vinatosha. Ziba namba yote ya NIDA au acha tarakimu nne za mwisho. Kama ni pasipoti, ziba ile mistari miwili ya chini yenye herufi na alama za mishale. Kila mmoja una herufi 44, na humo namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kwisha vimerudiwa. Vitatu hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyotengeneza ufunguo wa kusoma chipu iliyo ndani ya pasipoti. Ukiziba juu ukaisahau mistari hiyo, umefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Zibia kwa kisanduku cheusi kizito. Ile kalamu nene ya simu inayofanana na haileta ya darasani inapitisha mwanga: mpokeaji akiongeza mwangaza wa picha, namba zinarudi. Ukimaliza, piga skrinshoti ya picha uliyohariri, na skrinshoti hiyo ndiyo uitume. Kuna sababu mbili. Picha ya kamera hubeba mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwako, kama kamera imeruhusiwa kutumia lokesheni, skrinshoti haina. WhatsApp huondoa taarifa hiyo ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama dokumenti inabaki. Sababu ya pili: mhariri wa picha anaweza asiifute kweli sehemu uliyoikata. Mwaka 2023 ilibainika kwamba zana ya kukata picha ya simu za Pixel za Google ilikuwa ikiacha mabaki ya picha ya awali ndani ya faili lililokatwa, na yaliweza kurudishwa. PDF nayo ina tatizo lake, kwa maana kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya maandishi huweza kuondolewa na maandishi yakawa pale pale. Geuza iwe picha kwanza.

Ile "tazama mara moja" ya WhatsApp itumie, inasaidia mpokeaji asibaki na faili bila kukusudia. Usiichukulie kama kinga dhidi ya mwenye nia mbaya, kwa sababu simu ya pili inapiga picha kioo cha ya kwanza.

Steshenari

Nakala nyingi za vitambulisho vya watu wa jiji hili zimelala kwenye kompyuta za steshenari, na hakuna aliyeziweka kwa ubaya. Mteja anatuma kadi kwenye WhatsApp ya duka, kijana wa dukani anaifungua kwenye kompyuta, inajipakua kwenye folda ya Downloads, inachapwa, mteja analipa na kuondoka. Fungua folda hiyo jioni utakuta kadi za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, mikataba na taarifa za benki, majina ya faili yakiwa namba tu, na kompyuta haina neno la siri.

Ukienda kuchapa, usiondoke kabla ya mambo matatu. Omba faili lifutwe kwenye Downloads kwa Shift na Delete, ili lisipite kwenye pipa la taka la kompyuta. Kama uliskani, omba folda ya skana ifunguliwe pia. Skana huhifadhi kwenye folda yake yenyewe na hii ndiyo husahaulika zaidi. Kisha kwenye simu yako futa ujumbe kwa watu wote. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Sema tu, "Kaka, naomba unifutie faili langu," na wengi hufuta bila neno. Ukiwa umefungua WhatsApp yako mwenyewe kwenye kompyuta ya duka, ingia kwenye Vifaa Vilivyounganishwa na uiondoe kompyuta hiyo ukiwa bado umesimama hapo.

Simu yako nayo isafishe. Ukifuta picha kwenye Google Photos, huwa inakaa kwenye taka siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni, au 30 kama haikuwa. Kwenye iPhone inakaa siku 30. Fungua taka, ifute huko pia. Kwenye WhatsApp zima kuonekana kwa media kwenye matunzio kwa mazungumzo yanayohusu hati. Kama unahitaji kubaki na nakala, iweke kwenye folda iliyofungwa ya simu, si kwenye matunzio ambayo mtoto huyafungua kutafuta katuni.

Kidole kwa wakala wa laini

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na wakala wa mwavuli barabarani bado ndiye anayewahudumia wengi. Kosa la kuangalia ni moja: "alama haijasoma, weka tena." Inaweza kuwa kweli, hasa kwa fundi au mama lishe ambaye vidole vyake vimesuguliwa na kazi. Inaweza pia kuwa usajili wa laini ya pili kwa jina lako. Omba uone kioo kabla ya kuweka kidole tena: lazima kionyeshe kwamba jaribio la kwanza limeshindikana. Pangusa kidole, jaribu kidole kingine.

Ukishaondoka, piga *106# na uangalie namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya hivyo leo, na urudie kila baada ya miezi michache. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika, si kwa wakala, na kitambulisho mkononi, uombe iondolewe. Laini iliyo kwa jina lako ikitumika kutapeli, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Ujumbe wa kitapeli unaoupokea, pamoja na zile linki za "hakiki taarifa zako za NIDA zisifungwe", upeleke kwa 15040. Linki yenyewe isome hadi kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaokuja baada ya https://: anwani ya serikali inaishia na .go.tz hapo, pamoja na nukta yake ya mbele. Kama baada ya go.tz kuna nukta na maneno mengine, si ya serikali.

Programu za mikopo

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Kabla ya kumpa mkopeshaji sura na namba yako, hakikisha ana leseni ya Benki Kuu. Halafu tazama ruhusa anazoomba. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google Play imezikataza programu za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina na picha za simu, kwa hiyo inayokuomba majina ya kwenye simu inavunja kanuni, au umeipakua nje ya Play Store. Kwa vyovyote, iache. Orodha hiyo ndiyo inayotumika kumpigia shangazi na bosi wako siku ukichelewa kulipa.

Programu yoyote inapotaka picha ya kitambulisho, usiipe matunzio yote. Android 14 na kuendelea, na iPhone pia, zinakuwezesha kuchagua picha moja tu. Uhakiki ukikamilika, nenda Mipangilio, Programu, Ruhusa, uzime kamera na picha. Kuondoa programu kwenye simu hakufuti chochote kwenye seva yao.

Kudai taarifa zako

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizohifadhiwa, kurekebishiwa zilizokosewa, na kuomba zifutwe. Alama za kibayometriki na taarifa za watoto imeziweka kwenye taarifa nyeti, kwa hiyo mzazi anayeombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwa ajili ya akaunti ya mchezo ana kila sababu ya kukataa. Cheti hicho kina majina ya wazazi wote wawili.

Andika barua pepe fupi kwa afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi wa kampuni. Anwani hukaa chini kabisa kwenye sera ya faragha. Kama sera ni ya Kiingereza na ndefu, tafuta ndani yake maneno retention, third party, biometric na delete, usome aya zinazoyazunguka. Barua yenyewe iwe hivi:

"Nilihakikiwa kwenye huduma yenu tarehe fulani kwa akaunti yenye namba hii ya simu. Naomba mnijulishe kwa maandishi mnahifadhi nini kati ya picha za kitambulisho, picha za uso, kiolezo cha uso na maandishi yaliyosomwa kwenye kadi, vimehifadhiwa nchi gani, amepewa nani, na vitafutwa lini. Naomba mfute visivyolazimika kisheria kubaki, pamoja na vilivyo kwenye nakala rudufu na kwa mhakiki wenu."

Usiambatanishe kitambulisho. Wakisema wanahitaji kukutambua kwanza, waambie wakutumie namba ya uthibitisho kwenye simu ileile iliyosajiliwa. Benki itakujibu kwamba sheria ya kuzuia utakasishaji fedha inailazimu kutunza kumbukumbu kwa miaka. Hilo ni jibu halali, lakini ukurasa wa mitandao ya kijamii hauna jibu hilo. Tunza barua na tarehe zake. Wakikaa kimya muda mrefu bila kukujibu, peleka malalamiko kwa Tume ukiambatanisha hizo barua.

Kama wewe ndiye unayekusanya

Mwenye gesti Kijitonyama, anayekodisha bodaboda, anayeuza vinywaji kwa oda ya mtandaoni: nyote ni wakusanyaji mbele ya sheria hii, na inawataka mjisajili kwa Tume. Kazi inakuwa nyepesi mkihifadhi kidogo.

Kwa anayehakiki umri tu, jedwali linahitaji safu nne: namba ya mteja, "18+ ndiyo", tarehe ya uhakiki, na aliyehakiki. Kitambulisho kitazamwe mlangoni na kirudishwe. Hata tarehe ya kuzaliwa haina kazi. Mteja akirudi mwaka ujao bado atakuwa amezidi 18.

Anayelazimika kubaki na nakala asiiweke kwenye simu ya duka wala kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi. Tumia kompyuta moja yenye diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo, BitLocker kwa Windows inafaa, au faili la 7-Zip lenye usimbaji wa AES-256 na neno la siri refu. Neno hilo lijulikane na watu wawili, lisiandikwe kwenye jina la faili. Kila faili lipewe jina lenye tarehe ya kufutwa mwanzoni, mfano 2027-03-31, ili ukipanga kwa jina ya kufutwa yajitokeze juu. Ukifuta, futa na kwenye diski ya nje na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Wa Tea hawakufika huko. Kama hifadhi hiyo iko nje ya nchi, jua kwamba sheria ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa nje.

Neno moja kwa wanaojenga mifumo. Kuigeuza namba ya NIDA kwa heshi ya SHA-256, yaani hesabu inayoifanya mfuatano wa herufi usiogeuzwa kurudi nyuma, na kuiona imefichika ni kosa linalofanywa na mafundi wazuri kabisa. Tarehe ya kuzaliwa ya mtu mara nyingi inajulikana, hivyo tarakimu nane zimetoka. Zinabaki 12, yaani uwezekano trilioni moja. Kadi ya michoro inayojaribu heshi bilioni moja kwa sekunde, na zipo za kasi zaidi ya hapo, inamaliza yote kwa dakika 17. Tumia HMAC, yaani heshi inayochanganywa na ufunguo wa siri, ufunguo ukae kwenye seva nyingine, mbali na jedwali. Na kagua kumbukumbu za makosa za mfumo wako: mara nyingi jedwali limesimbwa vizuri huku faili la kumbukumbu limeandika kila namba iliyoshindwa kuhakikiwa, wazi, tangu siku mfumo ulipowashwa.